Herufi Moja Mlangoni kwa Bwana Harusi

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Shangazi hatulii. Anatoka kizimbani, anarudi, anakagua komeo alilokwisha kulikagua mara tatu. Ndani, farasi mweusi aitwaye Bwana Harusi anatafuna majani makavu, masikio yakimfuata kila aendako.

Mlangoni pana kibao cha chaki: ANAUMA.

"Usisimame hapo," anamwambia mwandishi. "Njoo upande wa bega, akuone."

Shangazi, kama anavyoitwa na wote katika shule hii ya kupanda farasi, ana miaka hamsini na moja. Kumi na tisa kati ya hiyo ameimaliza kwa brashi na koleo la samadi. Mkono wake wa kushoto una makovu matano ya meno, yote ya Bwana Harusi.

Kibao alikiandika mwenyewe miezi miwili iliyopita, mwanafunzi alipong'atwa begani. Kila mtu akawa mganga. Mmoja alishauri kofi la pua.

"Nilimpiga, na ninaona aibu," anasema. "Alichojifunza ni kuuma upesi zaidi."

Wiki mbili zilizopita aliuma tena. Mwenye shule akatoa neno la mwisho, na siku yenyewe ni leo: akiuma wakati wa kutandikwa, anauzwa. Lori la dalali limeshaegeshwa getini. Shangazi ameligeuzia mgongo.

Baada ya onyo hilo alikaa juu ya ndoo siku mbili nzima, akimtazama tu. Akagundua kwamba haumi ovyo. Ukimpiga brashi au ukimwinua kwato, hana neno. Shida ni mkanda wa tandiko unapokazwa tumboni. Masikio yanalala, pua inakunjamana, mkia unachapa. Meno huja mwisho. Tena ni asubuhi tu, kwa sababu hapa farasi hufanya kazi kwanza, hula baadaye.

"Alikuwa anasema muda wote, sisi tunangoja meno," anasema. "Na mimi mwenyewe nina vidonda vya tumbo. Nikiwa na njaa, hata mume wangu hanisogelei."

Daktari wa mifugo alipompima farasi, alikuta vidonda vilevile. Leo ni siku ya kumi ya dawa, na ya kumi ya kula kabla ya kazi.

Tandiko linapanda. Mwenye shule anatazama, mikono mifukoni. Shangazi anakaza mkanda tundu moja, anangoja. La pili. Masikio yanalala, analegeza. Yanasimama tena. Mwenye shule anaguna kwamba kwa mwendo huu watafika jioni.

Tundu la tatu, la mwisho. Bwana Harusi anageuza kichwa hadi kwenye mkono wenye makovu. Shangazi hauondoi. Pua inagusa kiwiko, inapuliza, inarudi kwenye majani.

Lori linaondoka tupu. Shangazi anakaa chini palepale, kwenye vumbi, analia kidogo.

Kisha anaanza tena kuhangaika. Wapo farasi tisa wengine wanaotandikwa wakiwa na njaa, na anataka wote walishwe kwanza. Kesho ataanza na yule wa kizimba cha pili, anayepiga mateke.

Anachukua chaki, anabanabana W kati ya M na A. Sasa kibao kinasema ANAUMWA.

"Nilisahau herufi moja," anasema. "Nusura imponze."