Mkanda wa Kiti cha Abiria

Kama hutaki kuniamini, sawa, lakini mita ya stima iko pale ukutani kwangu Nyamasaria, na mita haijui kuongeza chumvi. Mambo haya yalinipata mimi mwenyewe, si rafiki wa jirani wa shangazi. Sikuwa nimekunywa kitu zaidi ya chai. Mpaka leo nikiyasimulia mikono yangu inakuwa baridi, ebu shika uone.

Nina duka la dawa Katito, lakini nilihamia Nyamasaria kwa sababu ya mama yangu. Mapafu yake yalikuwa yamechoka. Daktari alisema asikae mbali na hospitali kubwa, na nyumbani awe na ile mashine ya oksijeni, ile inayochomekwa kwenye soketi na kunguruma kando ya kitanda usiku na mchana. Basi kila siku naenda Katito, kila siku narudi, na petroli inanimaliza. Ndiyo maana nikanunua gari la umeme, kadogo ka mtumba kutoka Japani, betri yake imezeeka kidogo lakini kwenda na kurudi kalikuwa kanatosha. Watu wa Katito walinicheka vizuri. "Madam, hiyo simu yako ya magurudumu iko na chaji?" Wacheke tu. Token za stima za wiki nzima hazikufika petroli ya siku mbili.

Shida ilikuwa moja. Gari na mashine ya mama vilikula kwenye mita moja. Kwa hiyo kila jioni nilikuwa nasimama mbele ya ile mita kabla hata sijavua viatu. Gari litachukua unit kumi, mashine ya mama nne, na lazima zibaki za kesho mchana. Sikuwahi kukosea. Nakwambia mapema ili usije ukasema nilisahau kununua token.

Jambo lingine la kujua ni kwamba gari hilo halina sauti. Kabisa. Mbuzi hawalisikii, watu wanaruka pembeni wakinitukana. Na redio yake ilikuwa bado ya Kijapani, haikushika stesheni hata moja ya kwetu. Ukiwa ndani unasikia vyura wa mashamba ya mpunga, unasikia mtu akikohoa kando ya barabara. Nilipenda huo ukimya. Baada ya siku nzima ya wateja wanaobishana kuhusu dawa ya kikohozi, nani asingependa?

Siku hiyo nilifunga duka saa kumi na mbili jioni. Mvua ilikuwa imetoka kukatika. Betri ilikuwa asilimia hamsini na mbili, na kioo nilikuwa nimekishusha kwa sababu kiyoyozi kinakula chaji. Nilikuwa katikati ya Katito na Ahero, barabara tupu, giza linaanza kuingia, nikasikia naitwa.

"Nyar Nyakach!"

Kwetu mwanamke anaitwa kwa alikozaliwa, na mimi ni binti wa Nyakach, kwa hiyo anayeniita hivyo ni mtu anayenifahamu. Nikaitika. "Eee!" Hata sikufikiri. Nikapunguza mwendo, nikatazama kando, nikatazama kioo cha nyuma. Nyasi tu. Hakuna mtu, hakuna nyumba, hakuna hata ng'ombe.

Halafu gari likashuka kidogo upande wa kushoto, kama linavyoshuka mtu mnene akiingia. Likashuka tena nyuma, kwenye buti. Na kengele ikaanza: tii, tii, tii. Unaijua? Ile inayolia abiria akikaa bila kufunga mkanda. Mkoba wangu ukiwa juu ya kile kiti huwa inalia, ndiyo, lakini mkoba ulikuwa mapajani mwangu. Nikageuza macho polepole. Kiti kilikuwa kitupu, na kilikuwa kimebonyea.

Wee! Nilisema Baba Yetu kwa Kiswahili, nikasema kwa Dholuo, kengele ikaendelea. Sikuweza kusimama, nisimame wapi pale? Nikakanyaga. Ndipo nikaona betri. Arobaini na tatu. Thelathini na nane. Nilipofika Ahero ilikuwa ishirini na tisa, na gari linavuta kwa shida, utadhani nimebeba magunia. Na harufu ya omena iliyokauka, wale dagaa wa ziwani, ikajaa mle ndani mpaka machozi yakanitoka. Mimi siuzi omena, jamani. Nilikuwa naomba kitu kimoja tu, nifike kwa mama, kwa sababu dada anayemwangalia mchana huondoka saa moja na baada ya hapo mama yuko peke yake na mashine yake.

Niliingia getini na asilimia sita. Nikachomeka gari kama kawaida, na hilo ndilo kosa langu la pili, nikakimbilia ndani.

Mama alikuwa ameegemea mito yake, mpira wa hewa puani. Akanitazama. "Umekuja na nani?"

"Niko peke yangu, Mama."

"Mbona unanuka omena?"

Kabla sijajibu, taa zikazima. Mashine ikapiga kelele ile ya kukosa stima, kelele ninayoiogopa kuliko kitu chochote. Nikawasha tochi ya simu nikakimbilia mita. Asubuhi niliacha unit arobaini na mbili. Sasa ilikuwa sifuri. Ukitoa nne za mashine mchana, zote zilizobaki ziliisha kwa muda wa mimi kutoka kwenye gari mpaka kitandani! Soketi ile haiwezi kutoa stima hiyo hata kwa usiku mzima, muulize fundi yeyote. Nikatoka nje kuchungulia gari. Asilimia sita.

Nikamfungulia mama mtungi mdogo wa oksijeni tuliouweka kwa dharura. Mshale wake ulikuwa karibu kabisa na mwisho. Nikanunua token kwa simu, pesa ikaenda, namba za kuingiza kwenye mita hazikuja. Nikangoja. Hazikuja. Mama alikuwa anavuta pumzi kwa mabega, na midomo yake imeanza kubadilika rangi. Nililia, siwezi kukudanganya. Akanishika mkono.

"Uliitwa barabarani?"

"Niliitwa."

"Ukaitika?"

"Nikaitika, Mama."

"Aaa, nyathina." Mtoto wangu, ndiyo maana yake. Akapumzika, akavuta hewa. "Umemwitikia mtu hujamwona. Usimfukuze. Muulize jina. Muulize kwao. Mwambie utampeleka."

Nilichomoa ule waya wa gari kwa hasira hata soketi ikataka kung'oka ukutani. Nikafungua mlango, nikakaa kwenye usukani, nikaufunga. Giza. Omena. Woga ulikuwepo, lakini hasira ilikuwa kubwa zaidi.

"Wewe!" nikafoka. "Mama yangu anakufa humo ndani kwa sababu yako!"

"Usinipigie kelele," sauti ikasema pale kando yangu, ya mwanamke, taratibu. "Kelele nimesikia za kutosha. Lori zinapita, basi zinapita, pikipiki zinapita. Naita, naita, hakuna anayesikia. Gari yako ndiyo iko kimya."

"Na stima yetu unakula ya nini?"

"Nasikia baridi."

Nikamuuliza jina, akasema Atieno. Kwao? Kwa baba yake, kwenye barabara ya Kendu Bay, boma lenye geti la bluu na kisima mbele. Mimi nilikuwa nimempeleka upande mwingine kabisa.

"Atieno," nikasema, "asubuhi nitakupeleka kwenu. Naapa. Lakini ukigusa tena pumzi ya mama yangu, nakurudisha kwenye zile nyasi ukae na malori yako."

Simu ikalia mkononi mwangu: token. Namba ishirini, nikazikimbiza kwenye mita, mara ya kwanza nikakosea, ikakataa. Mara ya pili ikakubali. Taa zikawaka, mashine ikanguruma, na mama akavuta ile pumzi ndefu ambayo nilikuwa nimeingoja. Nilikaa sakafuni karibu naye mpaka kulipopambazuka. Gari sikulichomeka tena. Asubuhi lilikuwa asilimia mia.

Dada alipofika nikaondoka. Kengele ililia njia nzima, Ahero, Katito, mpaka nikakata kona ya Kendu Bay. Geti la bluu lilikuwepo. Kisima kilikuwepo. Mzee mmoja alikuwa anakunywa chai mlangoni.

"Samahani, Baba. Mnamjua Atieno aliyekuwa anauza omena?"

Akaweka kikombe chini. Alikuwa kaka yake. Akaniambia waligombana kwa sababu ya kipande cha shamba, Atieno akatoka kwa hasira na gunia lake la omena kwenda kuuza Ahero, gari likamgonga na kukimbia. "Tulichukua mwili, tukazika," akasema. "Pale barabarani hakuna aliyeenda kumwita. Mimi ndiye ningeenda. Nilikuwa bado na kinyongo."

Kwetu aliyefia njiani huendewa pale pale alipoangukia, akaitwa kwa jina, akaambiwa twende. Mzee alijua hivyo, nami nikamwambia nani alikuwa kwenye gari langu. Alifungua mlango wa abiria, akapiga magoti kwenye matope na suruali yake safi, akalia waziwazi. "Atieno, nisamehe. Wadhi dala." Twende nyumbani.

Niliona kiti kikipanda, polepole, mpaka kikawa sawa. Buti nayo ikainuka. Kengele ikanyamaza.

Mama aliishi miezi mingine minane baada ya hapo. Alifia hospitali, mchana, nikiwa nimemshika mkono. Gari la maiti lilipotangulia na mwili kwenda Nyakach, nilirudi peke yangu na gari langu mpaka mlango wa wodi yake, nikafungua mlango wa abiria, wauguzi wakinitazama. "Mama," nikasema, "wadhi dala." Nikaingia, nikawasha.

Tii, tii, tii.

Sikuogopa. Nililia sana, kisha nikanyoosha mkono, nikavuta mkanda juu ya kile kiti kilichobonyea, nikaufunga. Kengele ikanyamaza. Tulienda mpaka nyumbani na betri haikushuka zaidi ya kawaida. Hata baada ya kufa, Mama hakutaka kunimalizia stima.

Gari bado ninalo. Mvua ikinyesha linanuka omena, na wanunuzi wawili wamelikataa kwa sababu hiyo. Kati ya Katito na Ahero sasa nafunga vioo na kuweka nyimbo za kanisa kwa sauti ya juu kabisa kwenye simu, kwa sababu Atieno hakuwa peke yake pale. Wanaita. Jioni nyingine, wimbo mmoja ukiisha kabla mwingine haujaanza, nawasikia, na si wawili wala watatu. Wewe mwenye gari la umeme, ukiitwa usiitike, tazama kwanza. Na wewe mwenye mtu aliyefia barabarani, mligombana au hamkugombana, nenda ukamchukue. Usituachie sisi wenye magari ya kimya.