Kelele ya Papa mu Console ya Zamani

Nilichomoa fishi ya televizyo. Ni hiyo tu nilifanya. Leo mu ile magazini ya kuuzia console, katikati ya muji, banasema mama mumoja wa Ruashi alikuja akavunja televizyo, lakini mi sikuvunja kintu. Televizyo yao ya kuonyesha banunuzi ilikuwa inapitisha mashindano ya motokari, sauti juu, na muuzaji alikuwa ananisemea mbele ya bantu bote: "Mama, mambo ya console ni ya bajeune. Ungetuma hata huyu wa mu mugongo, angeelewa mbio kuliko wewe."

Bantu bakacheka. Yeye akaona amefaulu, akachukua manette ya kuchezea, akamupatia mutoto wangu kupitia bega langu. "Shika, chérie. Cheza, mama atulie."

Mutoto akaiweka mu kinywa. Mi nikainama chini ya meza, nikachomoa fishi mu ukuta. Televizyo ikazimika, na kicheko kikazimika nayo.

"Sasa tusikilizane," nikasema. "Nirudishie console yangu ya zamani."

"Mama, ile ilishaenda."

"Ilienda? Iko na miguu?"

Mutoto akaanza kulia.

Sitaki muntu afikiri nilipandwa na wazimu juu ya kifaa cha batoto. Nyumba yetu ni ile ya kujijengea, matofali bado haijapakwa, na chumba cha mbele chenye kingekuwa salon ya kukaribishia bageni kinatazama barabara. Bwana yangu anafanya kazi Kinsevere, ku mugodi, anarudi nyumbani siku zake za kupumzika. Mi nilimaliza sekondari, nikapata mimba, kazi nikakosa. Basi ile salon tukaifanya salle ya jeu, pahali pa kulipia muchezo: televizyo, console moja ya zamani yenye kuingiza michezo mu televizyo, benchi ndefu, pazia ya kuzuia jua. Bajeune, bale vijana ba avenue yetu, bakaanza kukuja. Ilikuwa kazi yangu mwenyewe, mu nyumba yangu mwenyewe, na mutoto karibu. Nilikuwa naamka na hamu.

Sheria ya salle inajulikana Lubumbashi yote: mwenye kupoteza ndiye analipa na anasimama, mwenye kushinda anabaki pa kiti. Salle inaishi juu ya bantu benye kupigwa. Kwa hiyo inahitaji muchezo mufupi, wa bantu babili, na mumoja apoteze mbele ya bote bamusimange. Huo ni mupira. Hakuna ingine.

Na mupira, hii nilijifunza baadaye na uchungu, hautengenezwi na bale benye kutengeneza mashine. Bale ba mashine beko na michezo yao ya nyumbani, banaifungia mu mashine yao tu, sawa binti muzuri mwenye hatoki inje, juu bachumba bote ba jirani bakuje kwao. Mupira unatoka kwa bantu ba inje, bengine kabisa. Bao ndio banaangalia: hii mashine iko na banunuzi? Tutaleta. Haina? Tutaacha. Bakiacha, mashine inaweza kuwa na nguvu ya treni, itabaki sanduku.

Console yetu ya zamani, bale bantu ba inje baliisahau kitambo. Lakini ilikuwa na muntu wake wa inje. Fundi mumoja wa Katuba alikuwa anafungua ule mupira wa zamani na kompyuta, ile ordinateri yake, anavalisha bachezaji jezi za timu za huku kwetu, anaandika majina ya avenue zetu ku mbao za matangazo kando ya uwanja. Na siku moja ya dimanche, kisha misa, aliweka simu yake katikati ya salle yangu, akasema: "Sasa mulalamike, mupige kelele sawa muko ku stade. Nitaingiza sauti yenu ndani."

Papa, baba yangu, alikuwa pale. Papa alifanya kazi ku reli maisha yake yote, sawa baba yake mwenye alikuja na ile kazi kutoka kaskazini ya Katanga, na kisha kifo cha mama alikuja kuishi na sisi. Alikuwa anakaa ku mwisho wa benchi na koti yake ya kanisa, hachezi, anasimanga tu. Fundi aliposema but imeingia, ni goli, Papa akasimama akapiga kelele kupita bajeune bote: "Toka pa reli! Treni inapita!" Fundi akasema sasa mufanye sawa muntu amekosa but, na bengine balikuwa bado banafikiri, Papa akakohoa, akasema polepole: "Eh. Huyu alilala njaa."

Bajeune balianguka chini na kicheko. Fundi akaingiza yote.

Tangu siku ile, bantu balikuwa banatoka hata avenue za mbali kukuja kufunga but kwangu, juu basikie muzee. Salle zingine zilikuwa na michoro mizuri kupita yetu. Lakini ule mupira wa Papa haukuwa mu console ingine yoyote hapa duniani. Bale bakubwa ba mashine banalipa mali mingi juu bapate muchezo wa kuwa nao peke yao. Sisi tulikuwa nao, na ulikuwa mu salon yenye haijapakwa.

Papa alikufa mu wakati wa baridi. Tulilia, tukazika, matanga ikaisha, nikafungua salle juu maisha haingoje. Nilikuwa nyuma, nakoroga bukari, nikasikia: "Toka pa reli! Treni inapita!"

Mwiko ulibaki mu mukono yangu. Nilipoingia, mwenye alifunga but alikuwa ameweka manette chini.

"Mama," akaniuliza, "tukate sauti?"

"Ongeza," nikamwambia.

Na balicheza mpaka jioni, na mi nilipika nikimusikia Papa. Siwezi kusema ilikuwa huzuni. Ilikuwa sawa vile iko pale ku benchi, anasumbua bantu.

Kisha salle ingine ikafunguliwa kwa chini ya barabara. Console mupya, bachezaji banatoka jasho mu uso, nyasi inaonekana moja moja. Bajeune bangu bakaanza kupotea. Balikuwa bananisalimia kwa heshima, "Mama, bonjour," macho yanaangalia chini, banapita. Bwana yangu alirudi kutoka Kinsevere akanikuta nimekaa peke yangu ku benchi. Yeye ni muntu wa kufanya, si wa kusema.

Siku nilipeleka mutoto kupimwa kilo, yeye alibeba console ya zamani mpaka mu centre-ville, akaibadilisha. Mu ile magazini banakubali ya zamani, unaongeza kidogo, banakupatia mupya. Nilirudi, nikamukuta anasimama ku mulango anacheka mwenyewe.

"Chérie, funga macho."

Nikafunga. Nikafungua. Kitu cheupe, kizuri, kinang'aa, juu ya meza. Mi nilikuwa naangalia pembeni yake.

"Ile ingine iko wapi?"

"Nilibapatia ku magazini. Ile ilikuwa chuma tu, chérie."

"Na Papa?"

Niliona uso wake unabadilika. Sauti ya Papa alikuwa anaipenda, lakini siku ya kuirekodi alikuwa ku mugodi. "Papa si iko mu ile flash, ile clé ya fundi?" akasema. "Clé niliacha. Iko mu tiroir." Alifungua tiroir, akanionyesha ile clé, ameishika sawa muntu anashika yai. Lakini ilikuwa tupu: fundi aliitumikisha kwa kupitisha tu, kutoka ordinateri mpaka mu console. Muchezo ulilala ndani ya console. Tulimupigia fundi simu, alishahamia Kolwezi. "Mama, ile nilifanya ya salle yako tu," akasema, "na ordinateri yangu ile ilikufa." Bwana yangu akakaa chini. Sikumukaripia. Alitaka kunifurahisha, na ile ndiyo inaniuma kupita.

Muuzaji alimuahidi bintu tatu. Kwamba mashine ile inacheza michezo yote. Kwamba mupira uko mu karton. Na kwamba kama madame hafurahi, arudishe, atapata ya kwake.

Tukafungua karton ya mupira. Hakuna diski. Kuko kikaratasi na namba ndefu ya kuingiza kwa internet. Tukaingiza. Mashine ikajibu kwamba namba ile ilishatumikishwa. Muntu alishakula ule mupira kabla yetu, akatuachia ganda. Na jeune mumoja mwenye anajua akaniambia hata kama namba ingekubali, bale ba mupira hii mashine habaiangaliaka sana: banaletea zingine mupira wa kweli, hii banaipatia ule wa zamani na jezi mupya.

Ndani ya mashine mulikuwa na muchezo wa nyumbani, wa bale benye kuitengeneza. Musichana anapita mu pori, anabeba taa, anatafuta mugini, kijiji chao. Niseme ukweli, ni muzuri. Kuko pahali mvua inaanza na musichana anafunika taa na mikono, na mi nilisahau sahani mu maji. Mu nyumba ya tajiri, muntu anaweza kununua mashine muzima juu ya ule musichana, afunge mulango, acheze peke yake wiki. Nilielewa juu ya nini ile mashine inauzwa mu dunia. Na nilielewa juu ya nini itakufa Ruashi.

Bajeune balikuja kuangalia. Mumoja akacheza, bengine banangojea ku benchi, banangojea.

"Sasa nani amepoteza?" mumoja akauliza.

"Hakuna mwenye anapoteza hapa. Anatembea tu."

"Basi nani analipa?"

Bakaangaliana. "Mama, ni sinema," mukubwa wao akaniambia polepole, sawa vile muntu anakuletea habari ya kifo. "Muzuri, lakini ni sinema." Bakasimama. Benchi ikabaki.

Nikamubeba mutoto, nikaenda mu magazini. Siku ya kwanza patron, mwenye magazini, hayuko. Siku ingine patron yuko lakini anakula. Kisha ikakuwa siku ya fishi. Baada ya televizyo kuzimika, ndipo muuzaji alisema ukweli: console yetu aliiuzisha mbio mbio kwa mufanyabiashara mwenye anapeleka mali Kasomeno. Wapi kule Kasomeno? Hajui. Jina? Hajui.

"Uliahidi bwana yangu utairudisha."

"Mama, nilisema vile banasemaka. Ile chuma ya zamani unailia nini? Hakuna hata muchezo mupya unatoka kwa ile!"

"Juu ya hiyo ndiyo naitaka."

"Basi nenda ushitaki."

Alifikiri ni kusema tu. Nilitembea mpaka ku bureau ya commune, mutoto analala, nikamukuta muandishi wa malalamiko anapunga hewa na chemise ya kuwekea karatasi.

"Plainte, malalamiko, juu ya jeu?" akasema. "Mama, hapa tuko na bantu banapigania parcelle, viwanja vyao."

"Na mi niko na parcelle yangu mu ile mashine. Andika."

Akanitazama, akavuta kiti. Akauliza kama nataka nirudishiwe mali ya bwana yangu. Nikasema hapana. Kama nataka muuzaji aazibiwe. Nikasema ile atajua yeye na Mungu wake. Akaweka bic chini. "Sasa unataka nini, mama?"

Nilimueleza. Hakucheka. Alisema tu kwamba kintu chenye kinatafutwa lazima kielezwe vizuri ku karatasi, muntu mwenye hakukiona akitambue. Yeye aliandika mu Kifaransa, mi nikatia sahihi. Mu Swahili ilisema hivi:

"Mimi, mama wa nyumba na mwenye salle ya jeu, mukaaji wa commune ya Ruashi, nalalamika juu ya muuzaji wa console wa centre-ville. Alimwambia bwana yangu kwamba mashine ile inacheza michezo yote, na haiko hivyo. Aliuzisha karton ya mupira yenye haina muchezo ndani, na namba yake ilishatumikishwa. Aliahidi kurudisha console yetu ya zamani kama hatufurahi, na aliiuzisha.

Siombi mali. Console mupya iko tayari kurudishwa, na karton yake. Naomba muuzaji alazimishwe kutafuta yule mufanyabiashara wa Kasomeno, na console irudi kwetu bila kufunguliwa na bila kufutwa kintu.

Namna ya kuitambua: ni nyeusi, imepasuka ku kona ya kushoto, na kifuniko kinafungwa na utepe wa skoch. Kama kuko mashaka, iwashwe na muntu acheze mupira. Afunge but. Kama sauti ya muzee inapiga kelele 'Toka pa reli, treni inapita', ni yenyewe. Huyo ni baba yangu."