Kofia Zilizovuliwa

Apollinaire, fundi wa viti vya magari huko Kauma, aliazimwa na tajiri wake gari la kale la spoti, lisilo na paa, amtoe mama yake kambi ya wakimbizi ya Dzaleka ampeleke hospitali Lilongwe. Mama Cécile, mgonjwa wa figo, alikubali safari hiyo baada ya kubembelezwa wiki nzima.

Apollinaire alimwekea mto mgongoni, akamfunika shuka jeupe hadi kidevuni kumkinga na upepo, akawasha taa kwa sababu ya ukungu, akaenda mwendo wa kinyonga ili mashimo yasimtoneshe.

Njiani waendesha kabaza, baiskeli za kubeba abiria, walishuka, wakavua kofia, wakainamisha vichwa. Malawi ndivyo maiti anavyopishwa.

"Banasalimia nani, mwana wangu?"

"We, Mama. Banazani uko bibi ya ministre."

Mama akacheka, akakohoa. Mbele kidogo mwanamke alipiga magoti kando ya barabara, akaanza kulia.

"Mwana wangu, geuza," mama akasema taratibu. "Bale bantu bameshaona. Njo we tu hauone."

Apollinaire alizima taa, lakini hakugeuza. Alikanyaga mafuta. Mama akaguna kwa maumivu kila shimo, naye hakuthubutu tena kwenda polepole.