Mlango wa Karavani

Tulimgeuzia mama mlango siku tisa baada ya kumzika. Wanaume sita waliishika karavani, watatu kila upande, wakaitoa kwenye kokoto, wakaizungusha juu ya nyasi na kuirudisha ikiwa imeipa nyumba mgongo. Kazi yote haikufika saa moja. Hilo ndilo ninalorudi kulifikiria: haikufika saa moja.

Karavani tuliinunua mwaka 2011, mama alipotupigia simu kutoka Uvira, Kongo, kusema anakuja. Kaka yangu aliyekuwa akimtunza alikuwa amefariki. Mimi na mume wangu tulikuwa tumepanga nyumba ndogo kule Bluff, Durban, vyumba viwili na baraza, na kitanda cha mama kingeenea. Lakini kwetu mama halali chini ya paa moja na mukwe wake. Hawali pamoja, na wakikutana njiani mmoja anapisha. Si chuki, ni heshima, na mama alikuwa ameishika maisha yake yote. Kumwambia kwamba hapa ni Durban kusingesaidia kitu.

Wazo lilikuwa la mume wangu. Aliiona karavani kuukuu nyuma ya gereji moja, imeegemezwa ukutani, magurudumu bado mazima. Mwenye nyumba, mzee aliyetutembelea kila mwisho wa mwezi, alikubali tuiweke kwenye nyasi za mbele kwa sharti moja: tusimwage zege. Siku tutakayohama, alisema, anataka nyasi zake.

Chini ya nyasi za pale ni mchanga mtupu. Ukiegesha kitu kizito, mvua mbili tu gurudumu limezama. Kwa hiyo mume wangu alizikata nyasi vipande vya mraba pamoja na udongo wake, akavipanga kando ya ua, nami nikawa navimwagilia kila jioni visife. Alichimba kina cha kiganja. Mimi nilifumua mishono ya mifuko ya mchele niliyoiomba kwa wanawake wa sokoni Warwick, tukaitandaza chini ili kokoto zisimezwe na mchanga. Juu yake tukamwaga kifusi cha ukuta uliobomolewa mtaa wa pili, kisha kokoto, tukashindilia kwa gogo. Mbao za kuzuia kingo alizitoa bandarini, kwenye uwanja wa makontena alikofanya kazi. Ni zile za kupangia mizigo, ambazo meli ikishapakuliwa hazina mwenyewe, na msimamizi wake alimruhusu kuzibeba. Kitu tulicholipia ni pikapu ya kubebea kifusi.

Mwenzake wa kazini, Mrundi mmoja mcheshi, alikuja Jumamosi kusaidia; mume wangu alimwita Beau, yaani shemeji.

"Beau, unamujengea mama-mukwe nyumba ya magurudumu? Siku akikasirika ataikokota mpaka Uvira."

"Nitamusukumia," mume wangu akasema, bila kuinua macho kwenye pima-maji.

Alipima kila kitu. Alipima urefu, upana, na mwinamo mdogo wa kupeleka maji ya mvua mbali na nyumba. Hatukupima mlango. Pikapu iliivuta karavani hadi getini, tukaisukuma kinyumenyume juu ya kokoto, na ilipotulia mlango ulikuwa unatazama baraza letu, hatua saba hivi. Tulipiga makofi. Mimi hata niliona ni vizuri: nitakuwa namwona mama nikiwa jikoni.

Mama alifika baada ya siku tisa za mabasi. Aliizunguka karavani taratibu, akagonga ubavu wake kwa vidole kama anayechagua chungu. Akauliza choo kiko wapi. Nikamwonyesha, kwenye kona ya nyumba, nje. Akasimama mlangoni pa karavani, akatazama baraza, akatazama choo.

"Mukwe wangu anakunywaka chai wapi asubuhi?"

"Hapo barazani, mama."

"Na mimi nikitoka na ndoo yangu, napita wapi?"

Nikaifuata njia kwa macho: ilipita mbele ya baraza.

"Amefanya kazi muzuri," akasema. "Umwambie. Lakini mulango iko inamuangalia."

Usiku huo alilala mjini, kwa mjane mmoja wa kanisani kwetu, wakigawana kitanda. Mume wangu alisikia habari hiyo kupitia dirisha la jikoni. Alisema tu, "Jumamosi tutaigeuza."

Haikuwa kazi ya mtu mmoja. Ili izunguke ilibidi ipite juu ya nyasi ambazo hatukuwa tumeziimarisha, na mvua za mwezi wa kumi zilikuwa zimeanza. Jumamosi ya kwanza ilinyesha. Ya pili ilinyesha. Ya tatu wanaume wote walipangiwa zamu, kulikuwa na meli. Tukaanza kusema "Jumamosi" kama watu wanavyosema "Mungu akipenda".

Mama alikuja kila Jumapili baada ya ibada. Alikaa kwenye kiti chini ya mti wa maua meupe, ameipa baraza mgongo, na mume wangu alitokea mlango wa nyuma. Jumapili moja, akiwa anachambua sombe, majani ya muhogo, alininyooshea mkono.

"Nipe ufunguo ya ile nyumba yenu."

"Unahamia, mama?"

"Nimesema ufunguo. Kama ni kuhama, ningesema kuhama."

Nilimpa. Ulikuwa mmoja tu, wa kufuli ambayo mume wangu aliifunga baada ya kitasa cha zamani kuvunjika. Aliufunga kwenye pindo la kitenge chake, akaendelea na sombe.

Wiki ya tatu baada ya hapo presha ilimpanda akiwa kwa mjane. Alikaa hospitali siku mbili, hakusema tena.

Ufunguo haukuwemo kwenye vitu vyake. Mjane alikung'uta vitenge vyote, akapekua Biblia ukurasa kwa ukurasa. Kwa hiyo wanaume wale sita waliigeuza karavani ikiwa imefungwa. Yule Mrundi alikuwa mmoja wao, na siku hiyo hakutania. Walipoiweka chini, nilichungulia dirishani. Shuka nilizoziacha juu ya godoro, bado ndani ya plastiki yake, zilikuwa zimetandikwa. Pembe zimekunjwa mara mbili kwenda chini, kama alivyotandika yeye tangu nikiwa mtoto. Kwenye kidirisha cha pili kulikuwa na kikombe.

Mjane anasema mama alilala kwake kila usiku. Mchana sisi sote tulikuwa kazini, na baraza lilikuwa tupu. Taksi gani ilimleta, mara ngapi, na kama aliwahi kujinyoosha juu ya kitanda kile au alikitandika tu akaondoka, hakuna aliyemwona.

Mume wangu ana msumeno wa kukatia chuma. Kufuli bado iko mlangoni.