Pointi Tano za Mama Yake Pyo

Ofisini kwetu kila mtu alimwita Meneja, ingawa alichosimamia ni ngazi mbili, viti mia tatu vya kukunja na stoo ya mabango. Jina lake ni Pyo Dong-il. Kwa miaka kumi na tisa amekuwa mtu wa mabango wa chama cha kampuni za kujenga nyumba, hapa Seoul. Mimi nimepika chai na kufagia humo humo miaka kumi na minne, kwa hiyo ninayoyasema nimeyaona, sikuhadithiwa.

Kazi ya chama ni moja, kuisukuma serikali nyumba zijengwe nyingi zaidi. Wanaitisha mikutano, wanaalika maprofesa na wabunge, wanaonyesha michoro, na wimbo ni uleule kila mwaka: punguzeni masharti, toeni vibali haraka, turuhusuni kuongeza ghorofa. Wako wanaowacheka na kusema wanatafuta faida yao tu. Wanaitafuta, ndiyo. Muuza samaki naye anatafuta faida yake, na samaki tunakula. Sufuria ya wali ikiwa ndogo nyumba nzima inagombana. Hilo halihitaji profesa.

Ila aliyeuamini wimbo ule kuliko waimbaji wenyewe ni Pyo. Akishatundika bango alishuka kwenye ngazi, akarudi nyuma hatua kumi, akafumba jicho moja. Likiwa limeinama hata upana wa kidole, alipanda tena. Nilimwambia siku moja kwamba hakuna anayetazama pembe za bango, watu wanatazama saa ya chakula.

"Huenda atakayelisoma ndiye mwenye kutoa kibali, dada," akanijibu. Wala hakuwa anatania.

Yeye mwenyewe hakuwa na nyumba. Alipanga chumba cha juu ya paa huko Myeonmok, kile kinachowekwa juu ya ghorofa ya nne kama kofia iliyosahauliwa. Kiangazi kinaoka, na baridi ikija mabomba yanaganda mpaka uyamwagie maji ya moto. Alikuwa na miaka hamsini na miwili, hana mke. Mara mbili nilijaribu kumtafutia. Yule wa pili alikuwa mwanamke wa maana, anauza maandazi ya nyama karibu na kituo cha treni, na mambo yalikuwa yanakwenda vizuri mpaka shangazi yake akauliza kama bwana ana nyumba. Nikasema anasubiri.

"Hata mimi nasubiri inyeshe mvua ya mchele," akasema shangazi mtu, na mazungumzo yakaishia hapo.

Kusubiri kwenyewe kuna utaratibu wake. Nyumba mpya za ghorofa zikitoka, hupewa wenye pointi nyingi. Unahesabiwa miaka uliyokaa bila nyumba, unahesabiwa miaka uliyoweka akiba kwenye akaunti ile ya nyumba, halafu unahesabiwa watu walio chini yako katika daftari la wakazi. Hesabu mbili za kwanza Pyo alizijaza mpaka juu. Kwa ya tatu alikuwa na pointi tano, zile ambazo kila mtu hupewa kwa kuwa na kichwa chake mwenyewe. Jumla yake hamsini na nne, na mtu wa peke yake haziruki hizo hata aishi umri wa kobe. Majengo ya upande wetu yalikuwa yanataka hamsini na nane, na mengine sitini. Asiye na familia hapati pointi, asiye na pointi hapati nyumba, na asiye na nyumba atafuatwa na mwanamke gani? Hapo ndipo aliponasa, kama panya kwenye gundi.

Ikabaki njia moja. Mzazi mzee anahesabiwa pointi tano, ikiwa jina lake limo katika daftari la mwanawe na anaishi naye miaka mitatu kamili bila kukatika.

Mama yake, Bang Sun-rye, alikuwa na miaka sabini na tisa. Alikuwa akiishi Goheung, kule chini kabisa kusini, katika nyumba ya kaka yake Pyo ambaye anafanya kazi kwenye meli huko Ulsan. Alikaa peke yake na shamba lake la vitunguu saumu. Pyo akamfuata, akambeba yeye na mitungi yake sita ya maharagwe ya kuchachusha, akampandisha paani. Pointi tano! Lakini maji ya kifuu ni bahari ya chungu.

Mwaka wa kwanza alibadilika. Jioni alitoka kazini kwa wakati, akapitia sokoni kununua samaki. Aliniambia kwamba akiwa bado barabarani huinua macho aone taa imewashwa kule juu, na kwamba kwa miaka mingi taa ile ilikuwa ikimngoja aiwashe mwenyewe. Aliyasema haya huku akinipa mgongo, anapanga viti.

Lakini mama mtu hakuwa na wa kumngoja ila huyo huyo. Ngazi za nyumba ile ni sabini na moja, nimezihesabu kwa magoti yangu. Bibi yule alishuka tu kwenda zahanati, tena mgongoni mwa mwanawe. Asubuhi mpaka jioni alikaa paani kati ya mitungi na maboksi meupe ya samaki aliyopandia vitunguu saumu. Mke wa mwenye nyumba alimsalimu mara moja, akasema haelewi lahaja yake, hakupanda tena. Basi akawa anaongea na televisheni, na televisheni haikuwa na adabu ya kumsubiri amalize.

Siku moja niliwapelekea mapeasi. Nilikuwa nayamenya, bibi akamtazama mwanawe.

"Mwanangu, hivi mimi nina pointi ngapi?"

"Tano, Mama."

"Basi mimi ni kuku wa mayai matano," akasema. "Ndiyo maana umenifuga juu, nisiliwe na kicheche."

Mimi nilicheka mpaka kisu kikanitoka. Pyo hakucheka. Alichukua kisu akamalizia kumenya.

Ilipofika masika ya mwaka wa tatu, mambo mawili yakaja pamoja. La kwanza, majengo ya karibu na kituo cha Sangbong, yaliyokwama kwenye vibali miaka tisa, yalipata ruhusa, na maombi yangefunguliwa mwishoni mwa Julai. Miaka mitatu ya bibi ilikuwa inatimia katikati ya Julai hiyo hiyo. Ungedhani Mungu mwenyewe alikaa na kalenda. La pili, chama kiliandaa mkutano mkubwa wa Mei, na Mkurugenzi Seok, anayeshughulikia habari na matangazo, akataka mara hii asikike mtu, tumechoka na michoro. Alizunguka ofisi nzima akitafuta mtu asiye na nyumba, kumbe alikuwa akimruka kila asubuhi kwenye ngazi.

Akamwambia Pyo atapanda jukwaani dakika tatu, aeleze jinsi anavyosubiri yeye na mama yake. Bango jipya nalo litakuwa na picha yao.

Mpiga picha alipopanda paani, bibi aliuliza kama ndiyo ile picha ya kuwekwa mazishini. Watu wa umri wake hujitayarishia mapema.

"Si ya mazishi, Mama, ni ya mkutano," Pyo akasema.

"Nichane nywele hata hivyo. Ikitoka nzuri mtaitumia kote."

Ikatoka nzuri. Mama na mwana wamesimama kati ya mitungi, nyuma yao majengo marefu ya watu wengine, na maandishi mekundu: TUNASUBIRI NYUMBA PAMOJA.

Lakini Mei kule Goheung ndio mwezi wa kung'oa vitunguu saumu. Jirani yake alipiga simu kumwambia kwamba mwaka huu vimekuwa vikubwa kama ngumi, na kwamba kwenye ukumbi wa wazee wa kijiji wamekosa mtu wa nne wa karata. Bibi alikata simu, akaacha kula. Wala hakuwa mgonjwa. Kijiko kilifika mdomoni kikarudi. Akamwambia mwanawe anataka kwenda nyumbani.

"Miezi miwili tu, Mama."

"Kwa umri wangu mimi, hiyo 'tu' unaitoa wapi?"

Pyo aliniletea habari hizo kwenye chumba cha chai, alipokuja kufanya mazoezi ya hotuba yake. Nikampa shauri ambalo mtu yeyote wa mjini angempa. Nikamwambia jina halina miguu. Jina la mama libaki daftarini, miguu yake iende Goheung, Julai ikipita kila mtu anacheka. Wanafanya hivyo wengi, na wengine nimewahi kuwaandalia chai.

Nilidhani ataniambia anaogopa, kwa sababu siku hizi wanadai mpaka karatasi za zahanati, waone mzee ametibiwa mji gani. Hakusema hivyo.

"Kuna mtu ana hamsini na nane za kweli, dada. Mama yake yumo chumbani kweli. Nikiingia mimi, yeye anatoka."

"Basi kaa na huruma yako huko paani," nikamwambia. Ulimi wangu huu.

Siku ya mkutano ukumbi ulijaa. Alitundika mabango mwenyewe alfajiri, akavaa koti la kuazima, akaketi mstari wa mbele na karatasi yake magotini. Mimi nilisimama nyuma karibu na birika. Alisoma vizuri, pole pole. Alisema kuhusu miaka tisa ya vibali, akasema kwamba nyuma ya kila karatasi inayolala mezani kuna mtu anayelala paani, na wabunge wawili wakaandika. Halafu akafika palipoandikwa, "Mama yangu anasubiri pamoja nami." Akanyamaza. Alinyamaza kuliko karatasi ilivyoruhusu, mpaka Mkurugenzi Seok akaanza kusogea kwenye kiti. Kisha akasoma sentensi ile, akamalizia, watu wakapiga makofi. Seok alimpiga bega, akamwambia leo chama kimepata sauti.

Baada ya nusu saa ukumbi ulikuwa mtupu, na sauti ya chama ikavua koti ikaanza kukunja viti. Nikamsaidia. Tulikuwa tumefika mstari wa nne hivi aliposema amedanganya mbele ya watu mia tatu.

"Umedanganya nini? Kila neno lilikuwa kweli."

"Nimesema tunasubiri. Ninayesubiri ni mimi. Mama hana anachosubiri pale, amewekwa."

Nikakunja kiti kilichofuata.

Jumatatu iliyofuata aliomba ruhusa. Yaliyotokea nilisimuliwa na bibi mwenyewe kwa simu. Alimshusha mgongoni ngazi zote sabini na moja, wakapanda basi mpaka Goheung, na kabla hata ya kufika nyumbani akampitisha ofisi ya kata akarudishe jina. Karani, binti mdogo tu, alitazama tarehe akamuuliza kama ana hakika. Zimebaki siku hamsini na nane, akasema, na jina likitoka leo hesabu inaanza upya. Pyo akasema ana hakika. Binti akauliza mara ya pili. Bibi akamwambia, "Piga mhuri, mwanangu, vitunguu vinaoza." Mwana hakugeuka kumtazama mama yake mpaka mhuri ulipopigwa.

Matokeo ya Sangbong yalitoka Agosti. Niliyaona kwenye meza ya Seok nikifuta vumbi. Aliyeingia wa mwisho alikuwa na pointi hamsini na nane. Pyo, na mama yake daftarini, angekuwa na hamsini na tisa. Nilishuka stoo nikamwambia mimi, asije akaambiwa na mwingine kwenye lifti.

Alikuwa anafunga kamba. Akauliza ni nyumba ngapi zimetoka.

"Mia saba na kitu."

"Mia saba ni nyingi," akasema, akaendelea kufunga. "Tulianza kulitundikia bango jengo lile kabla hujapata nywele nyeupe."

Kila Jumapili anampigia mama yake. Zamani, akiwa paani, bibi alikuwa akimpigia kazini mara tatu kwa siku kumuuliza atarudi saa ngapi. Sasa simu ikipokelewa anasikia kwanza kelele za mabibi, halafu mama anamwambia amekula, magoti hayajambo, vitunguu vimekauka, haya mwanangu nakata, ni zamu yangu. Dakika moja, pengine mbili. Aliniambia hili akitabasamu, kisha akauliza kama nina kazi yoyote ya Jumapili ofisini inayohitaji ngazi.

Kwa mkutano wa vuli Seok alitaka bango jingine, lenye vijana wawili waliooana na mtoto mchanga. Alisema ile habari ya mama imekwisha, na mtu mmoja peke yake hana uzito mbele ya wabunge. Hakulisema kwa ubaya, ndivyo anavyoona. Pyo akawatundika vijana wale, akarudi hatua kumi, akafumba jicho, akapanda tena kurekebisha. Bango la zamani likawa la kutupwa. Akaomba apewe.

Novemba, nilipomaliza kutia kimchi, ile kabichi ya pilipili ya kuchachusha kwa msimu wa baridi, nilimpelekea ndoo moja. Nilipofika juu nilisimama kwanza nivute pumzi. Mitungi sita ilikuwa bado pale, mama aliiacha kwa sababu haikubebeka, na upepo wa baridi wa paani unapasua mitungi. Alikuwa amelifunga lile bango mbele ya mitungi kuukinga upepo, kwa kamba za kazini, limenyooka kama ukumbini. Picha ilitazama mlango wa chumba. Nikamuuliza kama si afadhali angeifunika tu kwa turubai kama watu wengine.

"Turubai linapiga kelele," akasema.

Nikaweka ndoo kivulini. Pyo akaanza kurudi nyuma, kama kawaida yake, lakini paa lile halina hatua kumi. Alirudi sita, mgongo ukagusa ukuta, akafumba jicho moja.

"Upande wa Mama umeshuka," akasema, akaenda kuufunga upya.