Mbegu za Mkebe wa Ugoro

Habari hii hutaiamini, na hata ukiiamini utaona haya kumsimulia mtu mwenye akili timamu. Lakini kaa.

Mwaka wa Operesheni Vijiji, watu wa vilimani karibu na Matai walipohamishiwa kijiji kipya, wengine walibeba milango, wengine mawe ya kusagia. Klementina alibeba mkebe wa ugoro. Ndani hamkuwa na ugoro. Mlikuwa na mbegu za maua mekundu ambayo marehemu mama yake alipanda mlangoni kila mwaka. Maua ya msimu mmoja hayo: yakifa yanakuachia mbegu, basi. Nyumba ya kule ilikwisha kubomolewa, kaburi limemezwa na nyasi. Mkebe ule ukiisha bure, mama amekufa mara ya pili.

Akapanda kama Mfipa yeyote: akafukia nyasi, akarundika udongo juu yake, intumba, tuta nene kama la maharage, akachoma mashimo ya kidole kizima. Hazikuota. Mbegu laini kama ugoro wenyewe umeizika kina hicho, itafufuka kwa tarumbeta gani?

"Shemeji, unafuga udongo?" aliuliza Leonsi, mdogo wa mumewe, mwanamume mzuri wa sura na mwenye akili kuliko wote kijijini.

"Nafuga. Na wewe unafuga mdomo."

Mara ya pili akazimwaga juu juu kwenye beseni, akamwagilia asubuhi na jioni kama anayenywesha ndama. Zikaota, zimesongamana kama nywele. Siku ya nne miche yote ilikuwa imelala, shingo zimeoza, nyembamba kama uzi.

Zilibaki za kushika kwa vidole viwili. Klementina hakupanda. Alishinda siku mbili akipeta ulezi, akijaribu kumkumbuka mama yake. Si uso, mikono. Mikono ilikuwa ikifanya nini? Ndipo akaiona ikichota udongo pale palipochomwa makapi ya ulezi. Miaka yote alidhani mama alikuwa mvivu wa kwenda mbali. Kumbe moto ulikwisha kuua uozo. Mikono ikachanganya mbegu na mchanga zisibanane, ikazinyunyiza bila kuzifukia. Maji haikumwaga juu; ilikalisha chungu chenye tundu ndani ya beseni la maji, kinywe chenyewe, tena asubuhi tu.

Akaifuata mikono ile hatua kwa hatua. Miche ikasimama.

Na yalipochanua, ndugu yangu! Mlango haukuonekana. Mwenyekiti wa kijiji aliahirisha mkutano, lori zima la wageni likaja kutoka Sumbawanga kutazama, nyuki wa Ufipa yote wakahamia, maua elfu moja na mia—

"Shemeji Leonsi! Yalikuwa saba. Sema saba. Saba yameujaza mbegu mkebe wa mama."