Chaza wa Mwaka wa Unga wa Njano

Ulikuwa mwaka wa unga wa njano. Mvua ilikataa, yakaletwa mahindi ya ng'ambo, na Kangemi nzima, mtaa wetu pembeni mwa Nairobi, ikanuka ugali ule, harufu kama ya gunia lililolala kwenye unyevu. Watoto tuliutema nyuma ya nyumba mpaka njaa ikatufundisha kumeza. Kwetu, lakini, kulikuwa na harufu nyingine, ya chumvi na matope ya mbali. Mama alipikia familia ya Wagoa, Wahindi wenye asili ya Goa, kule Parklands, na treni ilipowaletea chaza kutoka Mombasa, ndani ya gunia lenye barafu, waliobaki alituletea. Sisi Wakikuyu wa wakati huo hata samaki hatukumhesabu kuwa chakula, sembuse kitu laini kinachokaa ndani ya jiwe. Majirani walituita wala konokono. "Leo mmekula makamasi gani?" waliuliza tukipita na mitungi. Mimi niliwajibu kwa kulamba vidole. Niliionja bahari kabla ya kuiona, nani mwingine Kangemi angesema hivyo?

Memsahib, mama mwenye nyumba ile, ndiye aliyemfundisha mama kuwachagua. Chaza aliye hai hujifunga ukimgonga kwa kisu. Anayebaki ameachama amekufa, hutupwa. Mama aliishika kazi ile kama sala. Hata waliofika kwetu aliwagonga tena, nasi tukanyamaza kusikiliza: ko, ko, kisha gamba linajibana.

Halafu likaja joto, treni ikachelewa, barafu ikayeyuka njiani. Nilikuwapo jikoni kule Parklands gunia lilipofunguliwa. Karibu wote walikuwa wameachama. Memsahib hakuwataka mezani kwake, lakini kutupa chakula mwaka wa njaa kulimuuma. "Chukua, pelekea watoto," akamwambia mama. "Chemsha sana tu. Nyinyi tumbo yenu iko na nguvu." Mama, ambaye hakuwa ametia kitu kinywani tangu asubuhi, akajifuta mikono akasema, "Hii haiingii kwa mdomo ya mtoto wangu."

Akaambiwa asirudi tena. Gunia alilichukua mtunza bustani, jirani yetu, baba yake Wairimu niliyekuwa nikichota maji naye. Jioni ile nilimwonea Wairimu wivu, nikisukuma ugali wa njano kwa chumvi huku mvuke wa sufuria yao ukipita uani. Tulimzika Wairimu kabla mvua haijarudi. Magamba yalibaki mlangoni kwao, meupe, hakuna aliyetaka kuyagusa.

Sasa nina wajukuu, shosho ni mimi. Juzi mwanangu Kimani, dereva wa lori, alirudi kutoka Mombasa na ndoo ya chaza kwenye barafu, kwa kuwa nimeusifu utamu ule mpaka nimewachosha. "Mathe, leo utakula utoto wako!" Binti yake mdogo, Nyambura, aliyepewa jina langu kama desturi yetu inavyotaka, alikuwa tayari na kijiko. Nikatwaa kisu, nikawagonga. Wote walijifunga.

Mjukuu wangu Wanja, mtoto wa binti yangu, aliyesomea mambo ya bahari, na sitachoka kumtaja, akauliza wametoka wapi.

"Kwa ile creek, ule mkono wa bahari karibu na pale wanayeyusha betri za gari," Kimani akasema. "Ona vile ni wakubwa!"

Wanja akamchukua mmoja, akabonyeza ukingo wa gamba. Ukavunjika kama ganda la yai. "Shosho, huyu hunywa maji siku nzima. Risasi ya betri, ile madini ya sumu, ikiingia ndani yake, inakaa. Na siku hizi maji imekuwa moto, inamchosha, hata gamba inakuwa nyepesi."

"Na tukichemsha sana?" nikauliza.

"Risasi haisikii moto ya sufuria."

"Wacha kutisha watu, Wanja," Kimani akamkatiza. "Shosho yako amegonga, wamefunga wote. Hata mama yake angekubali."

Hapo alinichoma. Mama alikuwa na kisu, na kisu kilimwambia ukweli. Kifo cha wakati ule kiliachama, ukakiona, ukakitupa. Hiki cha leo kiko hai, kimejifunga vizuri, na ukikigonga kinakujibu. Mimi nitakitambuaje, na kisu ndicho shule pekee niliyoachiwa? Nyambura akanyoosha kijiko. Nikaifunika ndoo kwa mkono wangu.

"Hii haiingii kwa mdomo ya mtoto wangu."